Kungojana Mezani

  

Somo letu la leo latoka katika Waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 11, kuanzia mstari wa 17 hadi mwisho wa mlango. Ukiwa na Biblia karibu, weka alama mahali hapo, nawe usome taratibu baada ya mazungumzo haya. Jambo ninalotaka tulifikirie ni dogo kwa jina, lakini si dogo kwa matendo. Ni kungojana mezani.

Kabla sijaendelea, nakuuliza swali moja. Je, yuko mtu aliyekuwa akila pamoja nanyi zamani, na sasa haji tena? Usinijibu haraka. Liweke swali hilo moyoni, twende nalo.

Chakula ni cha tumbo, lakini meza ni ya watu. Sisi hatukuhitaji kwenda shule kufundishwa jambo hili. Nyanya zetu walipakua katika sahani moja kubwa, watoto wakanawa mikono, wakala pamoja, na mkubwa akajua kwamba si vizuri kuwamalizia wadogo mboga. Naye Bwana wetu Yesu Kristo, ukisoma Injili, utamwona mezani mara nyingi sana. Alikula harusini Kana. Alikula nyumbani kwa Lawi mtoza ushuru, akala kwa Zakayo, akala kwa Simoni Mfarisayo, akala Bethania kwa rafiki zake. Hata baada ya kufufuka, aliwawashia wanafunzi moto wa makaa ufuoni, akawatayarishia samaki na mkate asubuhi. Adui zake walimlaumu kwa mambo mengi, na mojawapo ni hili, kwamba anakula na watu wasiofaa.

Siku hizi, hasa mijini, kula pamoja kumebadilika. Marafiki waliokuwa jirani wamehama, huyu anakaa Kayole, yule Rongai, mwingine Thika. Nyumba ni ndogo na siku ni fupi. Kwa hiyo wengi hufanya kikundi, na mwisho wa mwezi hukutana hotelini, wakala, wakacheka, wakajuliana hali. Hilo ni jambo jema. Mkristo hana sababu ya kuona haya kwa kula chakula kizuri na rafiki zake. Lakini hoteli ina jambo moja ambalo sahani ya nyanya haikuwa nalo. Hoteli ina bei. Na bei inaweza kumwondoa mtu mezani bila mtu yeyote kumfukuza.

Nitawaeleza habari ya kikundi kimoja cha namna hiyo. Wenyewe wamenipa ruhusa kuisimulia, nami sitawataja majina.

Ni watu sita, wanaume kwa wanawake, ambao zamani walipanga vyumba katika ploti moja upande wa mashariki wa Nairobi. Mmoja ni mwalimu aliyestaafu. Mmoja ni muuguzi. Yuko fundi wa umeme, yuko mama auzaye nguo sokoni, yuko dereva wa lori, na yuko karani aliyekuwa akitunza vitabu vya hesabu kiwandani. Hawatoki katika kabila moja, wala hawasali katika kanisa moja. Kwa miaka zaidi ya kumi wamekuwa wakila pamoja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mara nyingi ilikuwa nyama choma na ugali, mara nyingine samaki, mara nyingine pilau. Wakimaliza, mama wa nguo, ambaye ndiye mweka hazina wao, hugawanya bili kwa sita, na kila mmoja humtumia sehemu yake kwa M-Pesa kabla hawajainuka.

Mwezi mmoja fundi wa umeme akasema, "Jamani, nyama choma tumeizoea. Safari hii twende tukaonje chakula cha Wahabeshi." Mkahawa mpya ulikuwa umefunguliwa upande wa Kilimani, nao wakakubaliana. Yule mwalimu akanipigia simu. "Mchungaji, njoo na mama mle nasi." Basi mimi na mke wangu tukaenda, tukiwa wageni wao.

Huenda wewe msikilizaji hujapata kula chakula hicho, kwa hiyo nieleze kidogo, maana habari yenyewe imo ndani ya chakula. Uhabeshi, au Ethiopia kama tuiitavyo sasa, ni jirani yetu wa kaskazini. Ukristo ulikubaliwa huko na mfalme Ezana wa Aksum katika karne ya 4, muda mrefu kabla ya Injili kuhubiriwa kwetu. Hata Dakta Krapf, ambaye sisi Waanglikana wa Kenya twamkumbuka kwa kufika Mombasa mwaka 1844, alifanya kazi Uhabeshi kwanza. Na baada ya Mfalme Haile Selassie kupinduliwa mwaka 1974, Waethiopia wengi waliikimbia nchi yao, na baadhi yao walikuja Nairobi. Walikuja na mapishi yao, na wengine wakafungua mikahawa.

Chakula chao kikuu ni injera. Ni mkate mpana, laini, wenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Huandaliwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko wimbi. Unga hukorogwa kwa maji, ukaachwa siku mbili tatu mpaka uchachuke, kisha ukamiminwa juu ya kikaango kipana cha udongo. Uchachu wake utakukumbusha uji wa wimbi uliolala. Injera moja hutandikwa juu ya sinia kubwa, na michuzi humiminwa juu yake kwa mafungu: dengu zenye pilipili, mchuzi mzito wa unga wa njegere, kabichi, mboga za majani zinazofanana na sukuma wiki yetu, na nyama kwa anayetaka. Hakuna sahani ya kila mtu. Hakuna kijiko. Unakata kipande cha injera kwa mkono wa kulia, unachota mchuzi, unakula. Sinia ni moja, na wote mmelizunguka.

Basi tuliketi, tukaletewa kadi ya vyakula. Nilimwona yule karani akiisoma. Hakusoma upande wa kushoto penye majina ya vyakula. Alisoma upande wa kulia penye bei. Kisha akaifunga, akasema, "Mimi leo nimeshiba. Nitakunywa maji tu."

Fundi hakusikia, au hakuelewa. Akasema kwa furaha, "Tuleteeni nyama ya kila namna! Bili tutagawana kama kawaida."

Hapo muuguzi alimtazama karani, halafu akamgeukia mama mwenye mkahawa aliyekuwa amesimama karibu nasi. "Mama, wewe mwenyewe leo utakula nini?"

Yule mama akacheka. "Leo ni Ijumaa, dada yangu. Sisi leo tunafunga. Nyama hatuli, maziwa hatuli, mayai hatuli. Nitakula dengu na mboga."

"Basi na sisi tuletee hicho utakachokula wewe," muuguzi akasema. "Tumekuja kwenu, tule kama ninyi."

Nieleze tena. Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na kabla ya Pasaka hufunga siku 55. Kufunga kwao ni kuacha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama. Kwa hiyo mikahawa yao ina sinia la mfungo, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya nyama. Fundi alinung'unika kidogo, lakini akakubali. Hakuna aliyejua kwa nini muuguzi alisema vile, isipokuwa yeye mwenyewe, na nadhani karani. Wahenga walisema, ukila na kipofu usimshike mkono. Dada yule alimsaidia mwenzake bila kumshika mkono.

Sinia likaja. Tukanawa, tukaomba, tukaanza. Karani alikaa nyuma kidogo na bilauri yake ya maji. Lakini penye sinia moja, mtu asiyekula huonekana. Hakuna sahani tupu ya kumfichia. Yule mama mwenye mkahawa alipopita akamwona, akasimama, akanawa mikono, akakata kipande cha injera, akakifungia dengu ndani, akamsogezea karani mdomoni kama mama amlishavyo mtoto. Desturi hiyo huitwa gursha. Kwa Wahabeshi ni heshima na upendo kumlisha mtu tonge kwa mkono wako, na aliyepewa hakatai.

Karani aliona haya, lakini akafungua kinywa, akala. Kisha akainamisha kichwa, na alipokiinua alisema, "Ndugu zangu, kiwanda kilitufuta. Huu ni mwezi wa nne siendi kazini. Asubuhi navaa shati, natoka, watoto wasijue. Ile miezi miwili niliyosema nina homa, sikuwa na homa."

Tulinyamaza. Fundi ndiye aliyesema kwanza, tena kwa uchungu. "Kwa nini hukutuambia, ndugu yangu? Tungekulipia!"

Na karani akajibu maneno ambayo yamekaa nami tangu siku ile. "Hiyo ndiyo sababu sikuwaambia. Mngenilipia mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu ningekuwa nimekuja kuomba, katika meza yangu mwenyewe."

Msikilizaji mpendwa, tuyaache hayo kwa dakika moja, twende Korintho.

Paulo aliandika waraka huu akiwa Efeso, yapata mwaka 55 baada ya Kristo. Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye matajiri wachache na maskini wengi, na wote hao walikuwamo kanisani. Wakati huo hapakuwa na majengo ya kanisa kama yetu. Waumini walikutana katika nyumba ya mmoja wao, kwa kawaida mwenye nyumba kubwa, na Chakula cha Bwana kilikwenda pamoja na mlo wa kawaida. Wataalamu wengi wa Biblia hueleza kwamba matajiri, kwa kuwa walikuwa na nafasi, walifika mapema wakaanza kula. Vibarua na watumwa hawakuwa na ruhusa ya kutoka kazini wakati wapendao. Walifika jioni, wamechoka, wakakuta mifupa. Tena chumba cha kulia cha nyumba ya tajiri wa Kirumi kilitosha watu tisa hivi. Waliobaki walikaa uani.

Angalia sasa, hakuna aliyesimama mlangoni akisema, "Maskini hawaruhusiwi." Hasha! Kama ungewauliza wale waliokuwa ndani, wangekuambia kwamba milango iko wazi na kila mtu anakaribishwa. Lakini saa ya kuanza ilichaguliwa na wenye nafasi, na chakula kilikuwa cha aliyekileta, na kwa hiyo mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Paulo anawaambia waziwazi kwamba hicho wanachokula hakiwezi kuitwa Chakula cha Bwana, maana wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu.

Je, Paulo aliwapa dawa gani? Tungetazamia aseme, "Wenye mali wawalipie wasio nayo." Kutoa msaada ni jambo analolifundisha sana mahali pengine, naye alizunguka makanisa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Lakini hapa mwishoni mwa mlango, amri yake ni nyingine, nayo ni ya neno moja tu: wangojane. Mwenye haraka asianze. Mwenye njaa isiyoweza kusubiri ale kwanza kwake. Lakini wanapokutana, wakutane kweli, wote, kwa wakati ambao hata aliye nyuma kabisa amefika.

Unaona tofauti? Kumlipia mtu ni kumsogeza yeye mpaka kwenye meza yako. Kumngoja ni kuisogeza meza mpaka anapoweza kufika. Kulipiwa mara moja ni neema, na tusiwe na kiburi cha kuikataa. Lakini kulipiwa kila mara humgeuza ndugu akawa mgeni wa hisani. Karani yule hakukosa chakula tu. Aliogopa kupoteza kiti chake.

Sasa turudi kule mkahawani, maana usiku ulikuwa haujaisha. Baada ya kula, Wahabeshi huleta kahawa, na kahawa yao haina haraka. Mama yule aliketi, akakaanga buni mbele yetu, akapitisha moshi wake tunuse, akasaga, akachemsha katika birika jeusi la udongo. Humiminwa mara tatu, na kila mara ina jina lake. Ya kwanza ni abol, ya pili ni tona, na ya tatu, iliyo nyepesi kabisa, huitwa baraka. Neno hilo sihitaji kuwafasiria. Na si heshima kuondoka kabla ya baraka. Kiswahili chetu chenyewe kimeiita nyumba ya kulia mkahawa, kwa sababu ya kahawa, na mti wa buni ya arabika asili yake ni misitu ya Uhabeshi. Basi tulikaa, kwa kuwa ilibidi tukae. Na katika kukaa huko, kati ya kikombe cha kwanza na cha tatu, watu wale walipata la kufanya.

Aliyelitoa ni yule mwalimu mzee. Alisema, "Tuache kugawanya bili. Kila mwanzo wa mwezi bahasha izunguke. Kila mmoja atie mkono ndani, mwenye nacho aweke, asiye nacho atoe mkono vilevile. Mweka hazina ahesabu nyumbani kwake peke yake, kisha atuambie bahasha inatupeleka wapi." Mtu mmoja akauliza kwa nini wasitumie simu kama kawaida. Mama wa nguo akajibu kwamba pesa za simu huja na jina la aliyetuma na kiasi alichotuma, lakini bahasha haina jina.

Mwezi uliofuata bahasha haikuwapeleka Kilimani. Iliwapeleka sebuleni kwa fundi, wakala ugali, sukuma wiki na omena, na karani alikuja mapema akasaidia kupanga viti. Sitawaficha kwamba si kila mtu alipendezwa. Dereva wa lori alisema kwamba yeye hufanya kazi ngumu mwezi mzima, na siku moja ya kula vizuri ni haki yake, naye akaacha kuja. Mpaka nilipopata habari zao mara ya mwisho, kiti chake kilikuwa wazi, na bado walikuwa wakimwarifu kila mwezi wanakutana wapi. Wanamngoja yeye pia. Naye karani hajapata kazi ya kudumu. Anawaandikia wenye maduka vitabu vyao vya hesabu kwa malipo ya siku. Lakini Ijumaa ya mwisho wa mwezi ana mahali.

Mpendwa, tujifunze nini?

La kwanza, tujifunze kuhesabu waliopo kabla ya kuagiza chakula. Katika kikundi chako cha marafiki, katika chama chenu cha akina mama, katika jumuiya ya kanisa, hata katika jamaa yako mnaokutana Krismasi, yuko mtu aliyeanza kutoa udhuru. Leo ana homa. Kesho ana mgeni. Mwezi ujao simu haipatikani. Usikimbilie kusema amepoa kiroho, au ana maringo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Jiulize kwanza, je, tulipandisha mchango? Je, tulichagua mahali pa mbali? Je, sare mpya ya chama ilikuwa bei gani? Huenda mtu huyo hakuondoka. Huenda meza ndiyo iliyohama.

La pili, aliye nyuma ndiye achague mwendo. Mchungaji wa kondoo ajuaye kazi yake hapimi safari kwa miguu ya beberu. Huipima kwa kondoo anyonyeshaye. Yakobo alimwambia Esau jambo hilo hilo katika Mwanzo mlango wa 33, kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na akiwaendesha kwa nguvu siku moja tu, watakufa. Hii haina maana kwamba msionje jambo jipya. Onjeni! Mungu ameweka ladha nyingi katika dunia yake, na kula chakula cha jirani ni njia nzuri ya kumjua jirani. Lakini swali la kwanza lisiwe, "Tungependa kwenda wapi?" Liwe, "Sote twaweza kufika wapi?"

Najua wako watakaosema, "Mchungaji, je, tuwangoje na wavivu?" Paulo huyo huyo aliwaandikia Wathesalonike kwa ukali juu ya watu wasiotaka kufanya kazi. Soma vizuri. Alisema juu ya asiyetaka, hakusema juu ya asiyepata. Anayeamka alfajiri, akavaa shati, akazunguka viwandani akirudishwa mlangoni, huyo si mvivu. Huyo amechoka kuliko wewe.

La tatu ni neno kwako wewe unayejificha. Labda unanisikiliza sasa, na wewe ndiwe yule wa udhuru. Umepoteza kazi, au biashara imeanguka, au umestaafu na malipo hayaji. Umeanza kuwakwepa rafiki zako kwa sababu hutaki wakuone. Ndugu yangu, dada yangu, nakusihi, fungua kinywa. Usiku ule wa mwisho Bwana Yesu alichovya tonge akampa Yuda, kama tusomavyo katika Yohana mlango wa 13. Wafafanuzi wengi husema kwamba kwa mwenye karamu kumpa mtu tonge ilikuwa alama ya heshima. Bwana alijua wazi moyo wa Yuda ulikusudia nini, na hata hivyo hakumruka. Kama yeye hakumruka aliyekuwa akienda kumsaliti, je, atakuruka wewe ambaye kosa lako ni mfuko mtupu? Tonge likija, lipokee. Sema ukweli kwa mtu mmoja tu unayemwamini. Aibu ni mzigo unaokuwa mzito zaidi ukibebwa gizani.

Basi juma hili nakupa kazi moja. Mkumbuke yule mtu niliyekuuliza habari zake mwanzoni, yule aliyekuwa akila nanyi na sasa haji. Mpigie simu, au nenda umwone. Usimwulize, "Mbona umepotea?" maana swali hilo humrudisha mafichoni. Usimpelekee hotuba. Mwambie tu, "Tunataka kula pamoja. Siku gani itakufaa, na mahali gani?" Kisha nyamaza, umngoje ajibu. Na akichagua chai na mandazi kando ya barabara, nendeni hapo, nanyi mmshukuru Mungu kwa chai na mandazi.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekula na watoza ushuru na wenye dhambi, twakushukuru kwa kuwa hukuona haya kuketi nasi. Utusamehe pale tulipoanza kula na wengine bado wako njiani. Wakumbuke leo wote waliofutwa kazi, na wale wanaotoka asubuhi ili watoto wao wasijue. Uwape mkate wao wa kila siku, na pamoja na mkate uwape rafiki. Utufundishe sisi kungojana, mpaka siku ile utakapotuketisha sote katika karamu yako, na asikosekane hata mmoja. Twaomba katika jina lako. Amina.